Mume wangu amebana kurasa za Biolojia za binti yetu kwa stepla

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kimara, nauza vitenge Kariakoo. Mume wangu ni fundi umeme. Ni mtu mzuri, hanywi, hanipigi, na mahitaji ya shule hutoa kabla hajakumbushwa. Nalitanguliza hilo usije ukaniambia niondoke, maana mpango huo sina.

Shida imeanza kanisani kwetu, baada ya Pasaka. Alikuja mwalimu mgeni akaendesha semina ya jioni tatu, na projekta na picha za kila namna. Akafundisha kwamba dunia ina miaka kama 6,000 tu, kwamba Mungu aliiumba kwa siku sita za saa 24 kama hizi zetu, kwamba matabaka ya mawe na mifupa ya kale vyote ni kazi ya gharika ya Nuhu, na kwamba mtu anayekubali mamilioni ya miaka amemwita Mungu mwongo. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Alirudi nyumbani amewaka. Tangu hapo simu yake imejaa klipu: Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi, alitubu kitandani kabla ya kufa, kompyuta za NASA zimeikuta ile siku ya Yoshua iliyopotea, jua liliposimama, mifupa ya majitu imefukuliwa jangwani. Zote anazituma kwenye grupu la familia.

Binti yetu mkubwa, Glory, yuko kidato cha nne. Anaimba kwaya ya vijana, na Biolojia ndilo somo lake. Anataka PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), awe daktari. Jioni moja baba yake alilichukua daftari lake, akafungua topiki ya mageuzi ya viumbe, akazibana zile kurasa kwa stepla juu, chini na ubavuni, mpaka zikawa kama bahasha. Juu yake akaandika kwa kalamu nyekundu "Mwanzo 1:27". Hakumfokea. Alimwambia kwa upole kabisa, "Haya hayakuhusu, mwanangu."

Mtihani wa majaribio ulipofika, swali la mageuzi lilikuwamo. Glory akaandika sentensi moja tu, kwamba Mungu aliumba mtu kwa mfano wake. Akapata sifuri kwenye swali hilo. Mwalimu wake akaniita, akaniambia, "Mama, huyu mtoto anajua. Nimemuuliza kwa mdomo kajibu yote. Kuandika ndiko anakoogopa."

Nilipomweleza baba yake alisema bora sifuri ya duniani. Na akasema kama PCB ndiyo itakayomfundisha kwamba bibi yake alikuwa nyani, basi hatoi hata nauli ya kwenda kuripoti kidato cha tano. Akasome HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza).

Mimi naiamini Biblia, Shangazi. Sitaki kushindana na mume wangu juu ya neno la Mungu. Lakini usiku Glory alinifuata chumbani akaniuliza, "Mama, Zinja, lile fuvu la kale la Olduvai, ni uongo? Kama ni uongo mbona tunafundishwa? Na kama ni kweli, ina maana baba anadanganywa?" Nikamwambia akalale.

Je, hiyo miaka 6,000 imeandikwa kwenye Biblia? Mtoto aandike nini Novemba? Na mume wangu nimwingie vipi? Halafu kuna kadogo kake ka darasa la tatu, kila siku kanauliza kama dinosaria walipanda safina. Baba yake anasema walipanda. Mimi nimjibu nini?

*Mama Glory, Kimara*

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Nianze na Novemba, maana Novemba haisubiri watu wamalize kubishana.

Glory aandike alichofundishwa darasani, chote, na michoro yake. Swali la Biolojia linamuuliza kama anajua wanasayansi wanasema nini na ushahidi wao ni upi. Halimuulizi anasali wapi. Kwenye Historia mtoto huyohuyo anaeleza sababu za Mkutano wa Berlin, anapata alama zake zote, na hakuna anayemshuku kwamba anaunga mkono ukoloni. Kama roho inamsuta, aanze jibu lake kwa "kwa mujibu wa nadharia ya Darwin", kisha aeleze. Hapo hajadanganya mtu. Na kama anasoma Maarifa ya Biblia, Mwanzo 1:27 akaiandike kwenye karatasi hiyo, ataipatia alama.

Mzee naye umwambie, kwa heshima zote, kwamba kumkimbizia mtoto HKL hakumwepushi na Zinja. Mageuzi ya binadamu yamo kwenye Historia tangu kidato cha kwanza. Glory aliyasoma miaka mitatu iliyopita na kwaya hakuacha.

Sasa hiyo miaka 6,000. Haijaandikwa. Soma kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, hutakuta mstari unaotaja umri wa dunia. Ni hesabu ambayo watu wameipata kwa kujumlisha: Adamu alikuwa na miaka mingapi alipomzaa Sethi, Sethi alipomzaa Enoshi, na kuendelea kwenye sura ya 5 na ya 11 ya Mwanzo, kisha miaka ya waamuzi na wafalme, mpaka unapofika kwenye tukio ambalo tarehe yake inajulikana. Aliyevuma zaidi kwa kazi hiyo ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, aliyechapisha hesabu yake mwaka 1650 akasema dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Tangu mwaka 1701 tarehe zake zikaanza kuchapwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na vizazi kwa vizazi wakazisoma kana kwamba ni sehemu ya Maandiko.

Ussher hakuwa peke yake, wala wenzake hawakukubaliana naye. Kalenda ya Wayahudi inaanza mwaka 3761 kabla ya Kristo. Wakristo wa Mashariki waliotumia tafsiri ya kale ya Kigiriki walipata 5509, kwa sababu katika tafsiri hiyo wengi wa wale mababa wanazaa wakiwa na umri mkubwa zaidi kwa miaka mia. Majirani zetu wa Ethiopia wanahesabu karibu 5500. Wote hao ni watu wa dini, wameshika Mwanzo mkononi, na wanapishana kwa zaidi ya miaka 1,700.

Kuna mahali pawili ningependa upasome na mumeo mkiwa wawili, chai iko mezani. Mathayo 1:8 inasema Yoramu alimzaa Uzia. Kisha mfungue 1 Nyakati 3:11-12 muone kati ya hao wawili kuna wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao Mathayo amewaruka. Halafu Luka 3:36 anamtaja Kainani kati ya Sala na Arfaksadi, na huyo Kainani kwenye Mwanzo 11 mliyonayo nyumbani hayumo. Orodha za ukoo kwenye Biblia huruka watu, na waandishi wake hawakuona haya kufanya hivyo. Mtu akizigeuza kuwa kalenda, amezibebesha kazi ambayo hazikuandikiwa.

Nisimwonee mumeo, lakini. Anachokiamini hakukiokota barabarani. Kutoka 20:11 inasema kwa siku sita Bwana alifanya mbingu na nchi, na mtu anayeisoma kama ilivyo si mjinga. Martin Luther mwenyewe aliamini dunia haijafikisha miaka 6,000. Ila mafundisho yale ya semina, ya kwamba mawe yote ni ya gharika na kwamba asiyekubali hivyo si Mkristo kamili, hayana uzee anaoudhania. Gharika kuwa maelezo ya mawe yote ilipigiwa debe Marekani na Msabato mmoja, George McCready Price, miaka ya 1920, na ikaenea kwa madhehebu mengine kupitia kitabu cha John Whitcomb na Henry Morris cha mwaka 1961. Tanganyika ilipata uhuru mwaka huohuo.

Na kabla ya hapo? Mwaka 1925, kwenye kesi maarufu ya Dayton, Tennessee, mwalimu alishtakiwa kwa kufundisha mageuzi. Aliyesimama kuitetea Biblia alikuwa William Jennings Bryan, mtu mashuhuri wa siasa na mpinzani mkubwa wa Darwin. Alipobanwa kwa maswali akasema yeye haamini kwamba siku zile zilikuwa lazima za saa 24, zingeweza kuwa vipindi virefu. Bryan huyo leo asingepita kwenye semina yenu. Wakatoliki nao, Papa Pius wa 12 aliwaruhusu mwaka 1950 kuchunguza suala la mwili wa binadamu kutokana na viumbe vilivyotangulia, mradi roho ibaki kuwa kazi ya Mungu. Yaani mtu anaweza kuwa Mkristo na akakubali dunia kongwe. Mamilioni wako hivyo.

Je, dunia ni kongwe kweli? Umeniuliza mimi, na mimi nimefundisha Biolojia mpaka nikastaafu, kwa hiyo sitazunguka: ndiyo. Ina miaka kama bilioni 4.5. Hiyo ilipimwa na Clair Patterson mwaka 1956 kwa kutumia madini ya risasi yaliyomo kwenye vimondo, na vipimo vya baadaye vya watu wengine vimeangukia palepale.

Zinja si uongo. Fuvu lake alilipata Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na linatunzwa hapahapa Dar. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya tabaka lilimotoka yalipimwa yakatoa miaka milioni 1.75, na vipimo vya siku hizi vinasogea kidogo hadi kama milioni 1.84. Mumeo atakwambia, "Kipimo cha kaboni kinadanganya." Mkubalie nusu. Kaboni kweli haiwezi kupima kitu kama hicho, kwa sababu nusu yake huisha kila miaka 5,730, na ukivuka kama miaka 50,000 hakuna kilichobaki cha kuhesabu. Ndiyo maana Olduvai hawakutumia kaboni. Walitumia potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya agoni, ambayo nusu yake huchukua zaidi ya miaka bilioni moja.

Atakwambia tena kwamba mawe ya volkano ya juzi tu, ya mlima St. Helens kule Marekani, yalipelekwa maabara yakatoka na umri wa kuanzia laki kadhaa hadi mamilioni ya miaka. Ni kweli yalipelekwa, na aliyeyapeleka ni mwanajiolojia wa upande wao. Lakini jiwe la miaka kumi kulipima kwa njia hiyo ni sawa na kupeleka kilo ya sukari kwenye mizani ya malori pale Vigwaza, kisha ukatangaza kwamba mizani yote ya Tanzania ni mibovu.

Kuna jambo moja ambalo huwa halisemwi kwenye semina hizi, na mimi naona ndilo zito kuliko yote. Kati ya 1997 na 2005, Taasisi ya Utafiti wa Uumbaji ya Marekani, haohao wanaotetea dunia changa, waliwakusanya wanasayansi wao wachunguze mionzi iliyomo kwenye mawe. Waliishia kukiri kwamba mawe yana dalili za mabadiliko ambayo kwa mwendo wa leo yangehitaji zaidi ya miaka milioni 500. Wakasema basi mwendo huo lazima uliwahi kuharakishwa, siku za uumbaji na wakati wa gharika. Kisha wakakiri la pili: kuharakisha huko kungetoa joto la kuyeyusha mawe yenyewe, na jibu la hilo hawakuwa nalo. Mimi nawaheshimu kwa kuliandika. Mwalimu wenu mgeni angelitaja na hilo.

Bibi kuwa nyani? Hilo hata Darwin hakulisema. Sayansi inasema sisi na nyani tuna mababu wa pamoja wa zamani sana. Na Zinja mwenyewe, pamoja na vitabu vyetu vingi kumwita binadamu wa kwanza, leo wanasayansi wanamweka kwenye tawi la pembeni lililokufa bila kuacha watoto. Kwa hiyo mzee apumue, hakuna anayemdai amwite Zinja babu.

Klipu zile ni rahisi. Hadithi ya Darwin kutubu ilichapishwa mwaka 1915, miaka zaidi ya thelathini baada ya kifo chake, na binti yake aliyekuwepo wakati baba anakufa akaikana hadharani. Moja ya picha za majitu zinazozunguka sana ilitengenezwa mwaka 2002 kwa ajili ya mashindano ya kuchezea picha kwenye kompyuta. Na hili litakusaidia: Answers in Genesis, shirika kubwa kabisa la watu wa miaka 6,000, lenye makumbusho yake kule Kentucky, linawaomba wafuasi wake waache kutumia ile ya Darwin kutubu na ile ya NASA na siku ya Yoshua, kwa kuwa si za kweli. Mumeo akiambiwa na mwalimu wa Biolojia atakataa. Akiambiwa na watu wake atafikiri. Mwambie faragha, si kwenye grupu la familia.

Kuhusu kumwingia, mwanangu, usianze na mawe. Nimekueleza yote hayo ili wewe usiyumbe, si ili ukamshindie. Mwanaume mwenye cheo kanisani ukimshinda kwa hoja sebuleni, kesho atabana daftari zima. Anza na hofu yake. Muulize anaogopa nini Glory akisoma haya. Nadhani atakwambia vitu viwili. Cha kwanza ni Warumi 5:12: kama mauti yaliingia kwa dhambi ya Adamu, viumbe vilivyokufa mamilioni ya miaka kabla yake vinakuwaje? Hapo hajacheza, ni swali zito, na mimi si mchungaji. Wapo wasomi wa Biblia wanaosema Paulo anazungumzia mauti ya mwanadamu, si ya samaki na majani. Mkalipeleke kwa mchungaji wenu pamoja, na umwombe aseme wazi kama yale ya semina ni fundisho la kanisa au ni ya mgeni. Kama kanisa lenu ni Sabato, jueni kwamba tamko lao rasmi linashika siku sita na uumbaji wa karibuni, kwa hiyo mchungaji atasimama na mumeo. Hata hivyo shule za sekondari za Kisabato nchini zinafanya mtihani uleule wa Baraza la Mitihani (NECTA), na watoto wao wanajibu swali lilelile.

Cha pili ataogopa kwamba binti atafika chuo aiache imani. Hapa ndipo ningemkazia macho mumeo kama angekuwa mbele yangu. Glory sasa hivi ameambiwa kwamba ama dunia ina miaka 6,000 ama Mungu ni mwongo. Siku atakapokaa darasani pale Mlimani akaonyeshwa ushahidi, atakuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na aliyeifunga milango mingine ni baba yake. Mtakatifu Augustino alionya karne ya 5, akifafanua kitabu hikihiki cha Mwanzo, kwamba Mkristo akisema mambo ya hovyo kuhusu nyota na viumbe, asiyeamini anayejua ukweli wake atayacheka na Maandiko pamoja naye.

Omba kitu kimoja tu kwa leo: aruhusu ajibu mtihani na ajaze PCB kwenye selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Umri wa dunia mtaendelea nao hata miaka kumi. Yeye aongoze Mwanzo kwenye ibada ya jioni nyumbani, mwalimu afundishe Biolojia shuleni, na Glory asikie wote wawili. Pini za stepla azitoe yeye mwenyewe. Usizitoe kwa siri, wala mtoto asizitoe. Akikataa kabisa, mtoto aazime daftari la mwenzake asomee shuleni, na hilo usimfiche baba yake. Mwambie umeamua hivyo na ubebe lawama wewe, si Glory.

Akishalainika, Jumamosi moja pandeni mwendokasi mpaka Posta, mtembee hadi Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Nasema Posta, maana watu huambiwa "Makumbusho" wakashukia kituo cha Makumbusho kule Kijitonyama, wakakuta nyumba za asili. Mwache mzee amuulize mwongozaji maswali yake yote, hata makali.

Glory mjibu usiku huohuo atakapouliza tena. Mwambie Zinja ni wa kweli, na baba yake hadanganyi. Ameamini alichofundishwa na watu anaowaheshimu, na anampenda.

Na yule wa darasa la tatu. Kule Kentucky wamejenga safina kubwa, ilifunguliwa mwaka 2016, na ndani wameweka mifano ya dinosaria kwenye vizimba. Biblia haiwataji. Waliowachimba wanasema walikufa wakaisha makumi ya mamilioni ya miaka kabla hajatembea mtu. Mwambie hivyo, na umwambie baba ana jibu jingine. Halafu mpe hii: Lindi, mahali panapoitwa Tendaguru, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria ya miaka kama milioni 150. Mamia ya watu wa kule walifanya kazi ile, wakaibeba mifupa vichwani kwa siku kadhaa hadi bandarini. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa Berlin mpaka leo, kimo chake kinazidi mita 13. Mtoto wa umri ule atafurahi zaidi kusikia kwamba mnyama huyo ni wa Lindi kuliko kujua kama alipanda safina.